Waheshimiwa wa Dodoma na Lilongwe, hili ziwa mmeliacha kiporo mpaka lini?

Shikamooni wakubwa zangu. Naandika kutoka Kyela, sio Kyela mjini, huku chini kabisa ufukweni ambako mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo barabara inakuwa mto na mto unakuwa barabara. Biashara yangu ni usipa, dagaa wa hapa ziwani, nanunua kwa wavuvi alfajiri, naanika kwenye vichanja, nauza kwa ndoo kwa wanaopeleka Tukuyu na Mbeya, na msimu wa mavuno nagusa gusa mchele. Sina cheo, sio mjumbe wa nyumba kumi wala mwenyekiti wa kitongoji, kwaiyo mkiona mahali nimekosea itifaki mnisamehe, nia yangu sio kumvunjia mtu heshima.

Naandika kwenu wote wawili kwa pamoja, serikali ya Tanzania na serikali ya Malawi, na kwa wale wa ulinzi na mambo ya nje na kamati zenu za bunge, kwasababu kila nikimsikia mmoja wenu anaongelea mpaka wa hili ziwa anaongea kama vile mwenzie hayupo chumbani. Ziwa lenyewe hata jina hamjakubaliana, huku Nyasa kule Malawi, tukianza ugomvi hapo hatutamaliza leo.

Ngoja niwarudishe 2012 kwanza ndo mtaelewa kwanini nimeshika kalamu. Ilikuwa bunge la bajeti, mwisho wa Julai kuingia Agosti, sisi tuko ufukweni tunasubiri mitumbwi na kuna mzee mmoja mshona nyavu ana redio yake ya betri nne ameifunga kwa mpira wa baiskeli maana mfuniko wa nyuma ulishapotea. Redio ikaanza kusema Malawi imetoa vibali vya kutafuta mafuta na gesi ziwani, kuna ndege za utafiti zinapita juu, marehemu Samuel Sitta akasimama bungeni kwa niaba ya serikali akatoa onyo, marehemu Bernard Membe kama waziri wa mambo ya nje akasema kampuni zote zisimamishe kazi kwenye eneo lenye mgogoro, alafu marehemu Edward Lowassa, kipindi kile mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ulinzi na usalama, akasema jeshi letu liko tayari ikibidi. Vijana wakashangilia kidogo, mmoja akapiga mluzi. Yule mzee mshona nyavu hakucheka, akazima redio, akauliza swali moja tu, "Sasa wakija kupigana watapigania wapi, si hapa hapa kwenye nyavu zangu?"

Usiku ule mjomba wangu hakuingia ziwani. Wengi hawakuingia. Ukisimama Matema usiku wa giza kawaida unaona taa za wavuvi wa usipa zimejipanga majini kama mji, na huwezi kujua ipi ya Mtanzania ipi ya Mmalawi maana taa haina pasipoti, usiku ule palikuwa na taa za kuhesabu kwa vidole. Shangazi yangu ameolewa Karonga, upande wa Malawi, akapiga simu usiku huo huo, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha uvunguni, "Mwanangu ni kweli mnakuja kutupiga?" Nikamwambia shangazi mimi hapa nina mtego wa panya tu ndani, hiyo ndo silaha yangu. Tukacheka lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha wasiwasi.

Wote watatu niliowataja wametangulia mbele za haki, Mungu awarehemu, siwasemi kwa ubaya maana kila mtu aliongea kwa nafasi yake. Nawataja kwasababu watu wanazeeka na kufa, bunge linabadilika, marais wanabadilika, ishu iko pale pale kama ilivyokuwa siku ile mzee anazima redio.

Baada ya pale mimi nikaanza kusoma. Nilikuwa najua tu tulivyofundishwa shule ya msingi, ramani ukutani ina kamstari kamepita katikati ya ziwa, basi nikajua nusu yetu nusu yao. Kumbe shangazi yangu watoto wake wamefundishwa kwenye ramani nyingine, ziwa lote rangi ya Malawi mpaka mchangani kwetu. Fikirieni hilo jamani, binamu wawili wanaooga maji yale yale na kila mmoja ana mwalimu wake amemuapia.

Na kiukweli, hapa Watanzania wenzangu watanipiga mawe, karatasi ya zamani haitubebi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule wa kubadilishana Zanzibar na kile kisiwa cha Heligoland, unasema mpaka wa himaya ya Mjerumani ukifika ziwani unageuka kaskazini unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka mdomo wa mto Songwe. Ufukwe, sio katikati. Yaani kwa karatasi ile mwanangu akienda kuoga akilowa mpaka magotini keshatoka nchi. Mama anayefua nguo amekaa Tanzania ila mikono yake iko ughaibuni. Na huo ufukwe wenyewe ni upi, maana mwaka wa mvua ziwa linapanda linakula mashamba na vyoo vya watu, mwaka wa ukame linarudi nyuma mpaka unaona visiki vilivyokuwa chini ya maji, kwaiyo mpaka wetu kumbe unapumua.

Waliochora hawakuwaza mtu wa kuchota maji. Mjerumani mwenyewe hakujali mstari, meli yake ya Hermann von Wissmann ilikuwa inakata ziwa inavyotaka, na nahodha wake Berndt alikuwa rafiki wa nahodha wa Kiingereza Rhoades, wakikutana wanakunywa. Agosti 1914 vita vikatangazwa Ulaya, Rhoades akapewa amri, akaja na meli yake ya Gwendolen mpaka Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jiwe lililokaa kama mnyama, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu inatengenezwa akaanza kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alitoka na kimtumbwi amekasirika anamuuliza rafiki yake umelewa au nini, hata taarifa ya vita hakuwa nayo, akaishia kukamatwa. Ndo moja ya mapigano ya mwanzo kabisa ya majini ya vita kuu ya kwanza, yamepiganwa kwenye maji yetu na watu wawili wasio wa kwetu ambao wiki moja nyuma walikuwa marafiki. Mimi nikipita Liuli nikaliangalia lile jiwe huwa nawaza jambo moja, amri ilitoka mbali sana na aliyepigwa alikuwa hajui kosa lake.

Alafu Mjerumani akaondoka, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, na Nyasaland ikawa ya Mwingereza huyo huyo. Hapa ndo naona tulipoibiwa usingizini. Baba mmoja ana vyumba viwili, ukuta wa katikati hata ukiwa upande gani yeye hana shida, na ramani zao zikawa zinatofautiana, nyingine mstari katikati, nyingine ufukweni. Mreno upande wa Msumbiji hakulala, mwaka 1954 akakaa mezani na Mwingereza wakakubaliana mpaka upite katikati ya maji, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland japo viko upande wa Msumbiji. Msumbiji leo ina maji yake na hakuna anayempigia kelele. Sisi hatukuwa na wa kutusemea 1954, aliyepaswa kutusemea ndo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Waheshimiwa wa Lilongwe, nawauliza kwa heshima zote, kama mstari wa katikati haukuwaua na Msumbiji, kwanini kwetu uwe sumu?

Na nyie wa Dodoma msicheke, zamu yenu inakuja. Mwaka 1962 Mzee Kawawa akiwa waziri mkuu, bungeni serikali yetu yenyewe ilisema kwa mujibu wa ule mkataba maji yale si yetu. Mwaka 1964 kule Cairo viongozi wa Afrika wakaazimia mipaka ya mkoloni iheshimiwe kama tulivyoirithi, na Mwalimu alikuwa mstari wa mbele kulipigania azimio lile. Januari 1967 ndo tukaandika barua kwa Malawi kudai katikati. Kwaiyo mwenzetu akituambia mlikuwa wapi siku zote, ana hoja, tusijifanye hatusikii. Majibu yetu pia yapo, kwamba watu wa ufukweni wameyatumia maji haya vizazi na vizazi, kwamba ule mkataba wenyewe uliacha mlango wa kurekebisha mistari kulingana na hali halisi, kwamba duniani nchi mbili zikipakana kwenye ziwa kawaida zinagawana. Hoja nzuri tu. Ila zipo kabatini, zinatolewa siku ya hasira.

Maana huu mgogoro tangu zamani haukuwa wa maji peke yake. Angalieni 1967 hiyo hiyo, Kamuzu Banda, rais wa Malawi, anaanzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini, Dar es Salaam imejaa wapigania uhuru, na waliomkimbia Banda baada ya mawaziri wake kumgeuka 1964 wengine wako kwetu, Kanyama Chiume mmojawapo, mtu wa Nkhata Bay aliyekulia na kusoma Tanganyika. Waziri wetu wa ulinzi wa wakati wa maasi ya jeshi 1964, Oscar Kambona, naye kwao ziwani huku upande wa Mbamba Bay. Banda akikataa mstari wa katikati alikuwa anamkatalia Nyerere kwa mambo mengine kumi, na 1968 akaenda mbali zaidi akaanza kudai mpaka halisi wa Malawi unaingia ndani Tanzania na Zambia na Msumbiji. Maneno yakawa makali pande zote. Alafu yakapoa, sio kwamba yalitatuliwa, yalipoa tu, wakubwa wakapata ugomvi mwingine, na wavuvi wakarudi majini kimya kimya kama kuku baada ya mwewe kupita.

Yakapoa miaka arobaini na kitu mpaka harufu ya mafuta ilipotokea. Kampuni ya Surestream ya Uingereza ikapewa vitalu 2011 enzi za rais wao Bingu wa Mutharika, 2012 ndo yale ya redio. Mpaka leo hamna hata pipa moja lililotoka kwenye hili ziwa. Pipa moja! Tulitaka kutoana macho kwa kitu ambacho hakuna aliyekiona, na chini huko kuna kina kinafika kama mita 700, na samaki wa aina nyingi kuliko ziwa lolote duniani, ambao wapo, wanaonekana, wanaliwa, na hao hakuna mbunge aliyewasimamia kwa povu la namna ile.

Nampa haki yake Rais Kikwete, Agosti ile ile kwenye mkutano wa SADC Maputo alikaa na mama Joyce Banda, rais wa Malawi wa wakati ule, na akasema wazi hakuna vita. Huku ufukweni ile kauli ilitembea haraka kuliko usipa uliovunda. Ila Oktoba Malawi ikajitoa kwenye mazungumzo, malalamiko yakiwa wavuvi wao kusumbuliwa na sisi kutoa ramani mpya, mama Banda akawa anaongelea mahakama, mwisho mkakubaliana kupeleka kwa wazee, marais wastaafu, Joaquim Chissano akiongoza na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Tukasema haya, wazee wameshika jambo, kwa mila zetu wazee wakikaa hawainuki bila neno.

Sasa neno liko wapi? Hilo ndo swali la barua yote hii. Miaka imepita zaidi ya kumi. Hatujasomewa sisi tunaokaa kwenye huo mpaka. Wazee walisema nini, walikwama wapi, nani aligoma, ni siri ya nani? Kesi ya mbuzi huku kijijini ikisuluhishwa mnatangaziwa chini ya mwembe nani kashinda nani kalipa, kesi ya ziwa zima lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550 tunaisikia kwa tetesi za madereva wa malori pale mpakani Kasumulu.

Najua mtaniambia mambo ya ulinzi hayaanikwi kama usipa. Sawa. Ila mimi nimekua nasikiliza habari za ulinzi kutoka kwa baba, alikuwa Kagera 1978, ile ilikuwa haki yetu kabisa, Amin aliingia ndani akatangaza ardhi yetu ni yake, hapo hakuna mjadala. Baba alirudi na mguu mmoja unavuta. Anachokumbuka zaidi sio risasi, ni kwamba Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi 18, na mkanda haukufunguliwa miaka na miaka, foleni ya sabuni, foleni ya unga, shati moja la kuvaa na kusubiri likauke. Anasema vita hata ukishinda unarudi nyumbani unakuta sufuria imeinamishwa. Kwaiyo mtu anayekaa kilomita mia nane kutoka hapa akisema jeshi liko tayari, namwelewa, jeshi lolote linapaswa kuwa tayari, lakini hapa hakuna Amin. Hapa kuna shangazi yangu.

Alafu hiyo hali ya hapana-vita-hapana-mpaka ina gharama zake ndogo ndogo ambazo haziingii kwenye hotuba. Shemeji yangu alikamatwa usiku na boti ya doria, sitasema ya nchi gani kwasababu nimesikia kisa hicho hicho kutoka pande zote mbili, wakamwambia umevuka. Akauliza nimevuka nini? Wakamwangalia. Wao wenyewe hawana mstari wa kumwonyesha, GPS waliyoshika inawaambia mko wapi ila haiwaambii pale ni kwa nani. Wakachukua nyavu, taa mbili za sola na betri, samaki wakaachiwa, nadhani kwa huruma. Nyavu zile alikopa. Mpaka leo analipa deni la nyavu ambazo haziko, na hana pa kulalamika maana akienda kituoni anaulizwa ulikuwa eneo gani, sasa hilo eneo gani si ndo nyie mmeshindwa kujibu tangu 1967?

Na upepo wa mwera ukivuma ndo utajua mipaka ni hadithi. Mwera ukikukuta katikati huchagui nchi, unakwenda anakokupeleka Mungu, watu wetu wameamkia ufukwe wa Karonga na Chilumba wakapewa uji, wa kwao wameamkia Matema na Lupingu na Manda tukawapa uji. Hakuna mkataba wa uji, ni utu tu. Mwaka 1946 meli ya Vipya ilizama upande wa kule wakafa watu 145, wazee bado wanaisimulia, na ziwa halijapungua ukali. Mnanunua boti za doria, sawa, kuna hata moja kati yenu imekaa na mwenzie ikapanga tukizama nani anamfuata nani? Kama lipo hilo jambo basi namba yake ya simu haijafika huku.

Mnaweza kukubaliana mkitaka, ndo kinachoniuma. Mto Songwe hapa ni mpaka usio na ubishi na bado ni kichaa, kila masika unahama, unakata kona mpya, mtu analala na shamba lake la mpunga Tanzania anaamka liko ng'ambo, wengine wamehamishwa nchi na maji bila kuomba uraia. Hilo mlikaa mkalizungumza. Mna mpango wa pamoja wa bonde la Songwe, mna kamisheni, 2017 mlisaini mkataba wake, kuna bwawa mnalipanga pamoja la umeme na la kutuliza mto. Wataalamu wenu wanakula meza moja Kyela. Sasa maji yale yale ya Songwe yakitembea yakaingia ziwani, ghafla yanakuwa ya uadui?

Na hasira zenu zikianza zinakuja haraka, tumeona 2025. Malawi ikazuia mazao kuingia, mchele, ndizi, tangawizi, unga. Aprili waziri wetu wa kilimo naye akafunga mazao yao. Hiyo haikuwa ishu ya ziwa, najua, ila nilikuwa Kasumulu siku moja katikati ya hilo saga, nimemfuata mtu mwenye hela yangu, nikakuta lori la ndizi za Rungwe limesimama, turubai limefunuliwa, ndizi zimeiva mpaka zinatoa jasho na nyuki wamejaa, dereva amekaa kivulini anamenya moja anakula taratibu anatuambia jisevieni. Watoto wakajaza mashati. Wale wabadilisha fedha na vibunda vyao vya kwacha wamekaa tu hawana mteja. Mwanzoni mwa Mei mkaelewana. Ila yule dereva ndizi hazikumsubiri.

Nimejiuliza sana tunaomba nini. Mimi nasema nendeni mahakama ya kimataifa kule The Hague, Uholanzi, nendeni wawili mmeshikana mikono, mmesaini pamoja swali mnalotaka lijibiwe. Botswana na Namibia walifanya hivyo kwa kile kisiwa cha mto Chobe, wanakiita Kasikili wengine Sedudu, wanajeshi walishafika pale, hali ilikuwa sio nzuri. 1996 wakapeleka, 1999 hukumu, Botswana ikapewa, Namibia ikakubali. Na kilichonifurahisha, mahakama haikuishia kwenye mstari, ikaandika kwamba watu na boti za nchi zote mbili watapita kwenye mikondo yote miwili kwa haki sawa. Ndo kitu mtu wa ufukweni anatafuta. Nigeria nayo ilishindwa na Cameroon kuhusu Bakassi 2002, iliuma sana, wakamaliza kukabidhi 2008 na Nigeria bado ipo ramani nzima.

Ndio, tunaweza kushindwa. Najua mwanasheria wa serikali ataniambia mzee kaa kimya, wakisoma ule mkataba wa 1890 kama ulivyo tunatoka mikono mitupu, bora libaki hivi hivi tunalitumia. Na mwanasheria wa Lilongwe anamwambia bosi wake vivyo hivyo kwa sababu zake, mahakama ikiangalia Msumbiji na zile ramani za Mwingereza tutakatwa nusu, bora libaki hivi. Wote wawili mnaona kiporo ni salama kuliko chakula cha moto. Sawa, ila anayelala nacho tumboni ni sisi.

Kwaiyo kabla ya huo mstari, mkitaka hata bila huo mstari, tuandikieni karatasi ya matumizi. Kurasa mbili zinatosha. Kwamba mvuvi wa mtumbwi wa pande zote avue bila kunyang'anywa nyavu, kwamba miezi ya kupumzisha samaki iwe ya pamoja sio huku mmefunga kule wazi, maana usipa ukifungiwa Kyela unavuliwa Karonga ule ule, kwamba aliyezama aokolewe na aliye karibu, na kwamba akitokea tena mwenye kampuni ya kutafuta mafuta asipewe kibali na upande mmoja mpaka mwenzie amekaa mezani na watu wa vijiji wameulizwa. Mpaka mtauchora wakati wowote hata baadae, samaki hatasubiri.

Dodoma, mmejenga, lazima niseme, tumepata MV Mbeya II na zile za mizigo MV Ruvuma na MV Njombe, bandari ya Mbamba Bay inajengwa, lami imefika kule ambako zamani ulikuwa unatapika mara tatu njiani. Hela zote hizo mmezimwaga kwenye maji ambayo hamna karatasi yake. Wenzenu wa Malawi nao ziwa ndo chakula chao, nchi nzima imekaa inalitazama, samaki wao na umeme wao wa mto Shire vinatoka humo, nawaelewa wakiogopa kukatwa. Ndo maana nasema wekeni wino sasa wakati hakuna anayegombana, msisubiri uchaguzi mwingine wala harufu nyingine ya mafuta.

Barua hii nimempa binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuja kununua mpunga anarudi kesho kwa kuvuka Kasumulu kihalali kabisa na mhuri. Ameahidi kuigeuza Kingonde na Kichewa aisomee watu wa kwao kwanza, alafu atafute njia ya kuifikisha Lilongwe. Jana usiku tulikaa nae nje anaanza kuitafsiri kwenye daftari la mwanae, akakwama mstari wa kwanza tu, akaniuliza, kaka hapa kwenye kichwa niandike Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi, maana nikiandika lako kule hawatasoma na nikiandika letu wewe utanuna.

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia andika "nyanja", basi, endelea mstari wa pili.

Ndaga fijo kwa kunisoma.

Ni mimi, muuza usipa, Kyela.